Mgongo wa Bwana Mbung'o

Mtu aliyeokoa ng'ombe wengi kuliko yeyote niliyepata kumjua alikuwa anawaogopa ng'ombe. Sitanii. Akikutana na kundi njiani alishuka kwenye baiskeli, akaivutia ng'ambo ya mtaro, akasimama nyuma yake mpaka mkia wa mwisho upite. Wafugaji waliohamia kwetu Biharamulo kutoka Shinyanga na Mwanza walimheshimu mno, na mara kwa mara walitaka kumzawadia ndama. Alikataa. Watu wakasema huyu hapokei rushwa hata kidogo. Ni kweli hakupokea, lakini mimi niliyekuwa dereva wake najua pia kwamba asingethubutu kuishika kamba ya huyo ndama.

Tulimwita Bwana Mbung'o. Kama vile kulikuwa na Bwana Shamba na Bwana Mifugo, yeye alikuwa Bwana Mbung'o, na sidhani kama nusu ya waliomwamkia barabarani walilijua jina lake la ubatizo. Kazi yetu ilikuwa kupambana na yule inzi wa porini anayewaua ng'ombe kwa nagana na watu kwa malale. Siku hizo pori lilikuwa mali yake. Tulikuwa na geti kwenye barabara itokayo Geita, mti mrefu tu uliolazwa juu ya nguzo mbili, na kila kilichopita, gari, baiskeli au mtu na mzigo wake kichwani, kilisimamishwa kikakaguliwa kwa nyavu ndogo za mkono, mbung'o asije akabebwa bure hadi kwenye vijiji vya ujamaa vilivyokuwa ndiyo kwanza vinajengwa. Siku nyingine watu wetu waliingia porini kwa kile tulichokiita raundi.

Raundi ilikuwa hivi. Watu wanatembea kwa mstari kwenye njia iliyofyekwa. Wa mbele amebeba kitambaa cheusi kwenye fito mbili, kwa sababu mbung'o hupenda kitu cheusi kinachotembea. Wakienda mwendo kidogo wanasimama. Mbung'o wanatua kwenye kitambaa, na wanatua migongoni mwa watu, na kila mtu ana wavu wake. Hapo ndipo penye sheria, na nadhani sheria hiyo aliitunga Bwana Mbung'o mwenyewe, maana sijaikuta kwingine: mbung'o aliyetua mgongoni mwako si wako. Ni wa mwenzako. Hujipigi, hujikung'uti, hutikisiki. Anakuuma kupitia kaki, na kuuma kwake ni sindano ya hospitali kabisa, nawe unasimama hapo hapo ukingoja mwenzako aje amnase.

"Ukijipiga," aliwaambia wageni wa kazi, "umeua mbung'o mmoja na umemtukana mwenzako. Umemwambia humwamini."

Wageni wengi hawakuweza. Walijipiga makofi, wakacheka, wakaomba radhi, wakajipiga tena, na baada ya muda wakaomba wahamishiwe ofisi zenye viti. Waliodumu walikuwa wawili. Mmoja ni Masanja, Msukuma mrefu aliyekuwa amepata shamba Bisibo, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Wa pili ni Paulo, Mhangaza wa Bukiriro, ambaye ungeweza kukaa naye tangu asubuhi hadi magharibi usijue kama amefurahi au ameudhika. Ukiwaweka hawa wawili pamoja mezani wasingepatana hata juu ya chumvi. Lakini porini, kila mmoja alimkabidhi mwenzake mgongo wake mwaka hadi mwaka.

Mimi nilikuwa nawapeleka na kuwasubiri. Nilikuwa na kiti changu, kivuli changu na vioo vya kupandisha. Jioni niliwaona wakitoka porini, hao wawili na Bwana Mbung'o, watatu kwa mstari, mashati yamelowa, na kila nilipowaona nilishikwa na kitu ambacho siwezi kukiita kingine ila heshima iliyochanganyika na kijicho. Nilikuwa na mke mzuri na ndugu wengi, lakini hakuna mtu duniani niliyeweza kusimama mbele yake nikiwa naumwa na mdudu, nikatulia, kwa sababu tu yeye yupo nyuma yangu.

Sifa, Bwana Mbung'o alizitoa kwa kijiko cha chai. Neno lake kubwa kuliko yote lilikuwa "si mbaya." Siku moja tu alimwambia Masanja kwamba raundi yake ilikuwa si mbaya, na Masanja akaitangaza habari hiyo Bisibo nzima kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Ukimsifu yeye mwenyewe alijibu, "Kinyozi hajinyoi," na mazungumzo yakaishia hapo. Alikunywa chai bila sukari hata kabla sukari haijaadimika. Alipiga pasi kaki zake kwa pasi ya mkaa kila jioni, mikunjo imesimama, ili asubuhi akaiharibu yote kwenye miiba. Nilimuuliza faida yake. Akasema mbung'o hajali, lakini aliye nyuma yake anatazama shati hilo kutwa nzima, na si vizuri kumpa mtu kitu kibaya cha kutazama.

Msifikiri alikuwa mtakatifu. Kwenye shamba la ujamaa la kijiji alikuwa mtoro hodari. Kengele ya kipande cha reli ikigongwa, watu wakienda na majembe, yeye alikumbuka ghafla kwamba geti halina mtu. Mwenyekiti wa kijiji alimsema mbele ya mkutano, kwamba serikali inahubiri udugu na yeye mtumishi wa serikali anaukimbia. Aliinuka akajibu kwa adabu sana, "Mwenyekiti, pale shambani tuko mia mbili. Nikikosekana mimi, nani atajua? Huku kwetu tuko watatu." Akaketi. Kesho yake mwenyekiti alimpelekea mtu wa kumsindikiza shambani, na alilima siku hiyo kwa uso wa mtu anayenyweshwa dawa.

Halafu ikaja vita. Nduli, ndivyo tulivyomwita mtawala wa nchi jirani, alikuwa amevuka mpaka huko Kagera, na barabara yetu ikajaa malori yanayokwenda kaskazini, mengine ya jeshi, mengine ya mashirika, yamechukuliwa yakiwa bado na pamba iliyonata kwenye mbao. Sote tulijua kwamba siku kama hizo geti linainuliwa na watu wanapunga mikono. Bwana Mbung'o aliliteremsha. Msafara mzima ukasimama, lori nyuma ya lori, hadi kwenye kona, na ofisa akashuka kutoka lile la kwanza. Mimi nilikuwa nimeshika usukani wa gari letu lililoegeshwa kando.

"Mzee," alisema yule ofisa, "unajua tunakwenda wapi sisi?"

"Najua, afande."

"Sasa?"

"Kule kuna nduli, na hapa kuna mbung'o. Yule ni wenu. Huyu ni wangu. Mkimbeba mkamwacha huko mbele kwenye ng'ombe wa watu, mtakaporudi na ushindi hamtakuta maziwa."

Ofisa alimtazama toka kofia hadi viatu. Nadhani ile mikunjo ya kaki ndiyo iliyomwokoa. "Fanya haraka," akasema.

Bwana Mbung'o akapanda juu ya tairi la lori la kwanza akachungulia ndani, kulikojaa vijana wenye bunduki. "Wanangu," akawaambia, "geukeni." Nao wakageuka. Sijaona kitu kama hicho tena. Lori zima la askari waliokuwa wakienda vitani, wakampa mzee mmoja wa geti migongo yao, wakatulia, na Paulo na Masanja wakapita nyuma yao na nyavu zao, taratibu, mmoja baada ya mwingine, kisha lori lililofuata, na lililofuata. Wengine walikuwa wakicheka. Mmoja, kijana mdogo sana, alikuwa amefumba macho. Lori la mwisho lilipopita, Bwana Mbung'o alibaki katikati ya barabara, vumbi linamfunika.

"Mungu awape wa kuwatazama nyuma," alisema, na akaniomba maji ya kunawa uso, ingawa kazi ilikuwa haijaisha.

Muda si mrefu Masanja naye akaitwa, maana alikuwa amepitia mgambo. Hakukuwa na kuagana kwa maana. Bwana Mbung'o alimpa soksi zake mbili nzuri na kumwambia asilale nazo zikiwa mbichi. Baada ya hapo wakubwa walituletea mtu wa kushika nafasi ya Masanja, na Bwana Mbung'o akamweka getini. Porini alikwenda na Paulo tu, wawili, na waliacha pengo kati yao, upana wa mtu mmoja. Nilimwambia kwamba hivyo ni kujisumbua. Alinijibu, "Wewe endesha gari."

Masanja alirudi. Wengine wa huku hawakurudi, na hilo tulilijua sote tulipomwona anashuka kwenye lori la mizigo, amekonda, anachechemea mguu wa kushoto. Kile kicheko chake kilikuwa kimebaki huko huko. Bwana Mbung'o alitoka kwenye kibanda cha getini, akamtazama kwa muda mrefu, akampa wavu wake.

"Si mbaya," akasema.

Paulo, ambaye sikuwahi kumwona akicheka wala kulia, aliingia nyuma ya kibanda na hakutoka mpaka chai ilipokuwa tayari.

Baada ya vita kila kitu kilikuwa kimekwisha, dizeli, sabuni, vipuri. Raundi zikapungua, mwisho wakubwa wakasema Bwana Mbung'o amefikia umri wa kustaafu. Walimwandalia wali na maharage, wakampa blanketi na hotuba, nami nikampeleka kwao Bugarama, upande wa Ngara, kwenye migomba ya baba yake. Tulipofika alishuka, akashukuru, akaliangalia gari kama vile kuna mtu mwingine bado hajashuka. Kisha akaingia ndani.

Mimi nilihamishiwa idara ya maji. Ukapita msimu, ukapita mwingine. Ndipo mfanyabiashara mmoja wa maharage akaniletea ujumbe mjini kutoka kwa mke wa Bwana Mbung'o: "Mwambie dereva aje. Na asije peke yake."

Nilikuwa na mabomba ya kupeleka Ngara, kwa hiyo nilitangulia kwenda nayo peke yangu. Mkewe alinikaribisha jikoni, kwa sauti ya chini, ili mzee aliyekuwa nyuma ya nyumba asisikie.

"Atakufa huyu kabla ya mvua," alisema. "Hali chakula. Haendi popote. Kanisani alikuwa anakwenda, sasa ameacha kwa aibu."

"Aibu gani, Mama?"

Akanieleza. Jumapili moja, katikati ya mahubiri, inzi wa kawaida, huyu wa chooni, alitua mgongoni mwa katekista aliyeketi benchi la mbele. Bwana Mbung'o akanyoosha mkono akamnasa. Katekista akaruka, akadhani amepigwa, na kanisa likageuka kutazama. Wengine wakacheka, lakini wengine, na hao ndio wabaya, wakaanza kunong'ona kwamba mzee huyu ametoka porini na mambo ya porini, anawafanyia watu vitu migongoni. Tangu hapo watu wa pale kijijini wakawa hawakai mbele yake.

"Hilo ningeweza kulivumilia," alisema mkewe. "Lakini kuna jingine. Nzi wakitua mgongoni mwake yeye, hawafukuzi. Anakaa tu. Nikimwuliza, ananitazama. Mwanzo nilidhani amechoka. Sasa najua. Baba huyu anangoja."

Nilitoka nje nikampa mzee shikamoo yake, akaitikia marahaba, akauliza hali ya barabara. Shati lake lilikuwa na mikunjo ya pasi. Mgongoni walikuwepo nzi wanne au watano, wametulia kama wamefika kwao. Nilitaka kuwafukuza, na mkono ukanishinda. Haikuwa haki yangu.

Wiki iliyofuata nilimwomba mkubwa wangu ruhusa, nikamchukua Masanja Bisibo, tukampitia Paulo Bukiriro, tukaingia Bugarama mchana. Masanja alikuwa ameongea njia nzima. Alipomwona mzee ameketi kwenye kigoda, ametupa kisogo, hakusalimia. Alipita nyuma yake kwa ule mguu wake mbovu, bila kishindo, akanyoosha mkono, akafunga kiganja.

Bwana Mbung'o hakugeuka.

"Umechelewa," akasema.

"Balabala, mzee," akajibu Masanja kwa lafudhi yake ya Kisukuma. "Balabala mbaya."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, nasi hatukujua kama analia au anacheka, mpaka alipogeuka tukaona ni vyote viwili. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, kanga mdomoni.

Sasa mtasema hapo mambo yakatengenea. Sivyo. Tulikaribishwa sebuleni, tukapewa viti, tukakaa, na tukakosa la kusema. Watu waliojuana hadi harufu ya jasho hawakuwa wamewahi kukaa pamoja wakiwa wamevaa viatu safi. Masanja aliulizia mvua. Paulo akasema mvua si haba. Mimi nikasifu picha ya ukutani. Rubisi, pombe ya ndizi, ililetwa, ikanywewa, na nikaanza kuingiwa na hofu, nikawaza kwamba tumekuja kumwonyesha mzee wa watu kwamba hata sisi hatuna dawa.

Aliyetuokoa ni Paulo. Aliinuka, akaenda dirishani, akatazama nje kwa muda. "Migomba yako imejaa magugu," akasema. "Aibu."

"Nani kakuuliza?" akajibu Bwana Mbung'o, lakini alikuwa tayari amesimama.

Tulivua viatu. Mkewe akaazima majembe kwa majirani. Mzee akatupanga kwa mstari, akatuambia tuanzie wapi, akamkaripia Masanja kwa kukata mzizi, akaniambia mimi kwamba nalima kama ninayetafuta gia. Tulilima hadi jua likashuka. Na humo shambani, huku tumeinama, maneno yakaja yenyewe: vita aliyokuwa Masanja hajawahi kuisimulia, mtoto wa Paulo aliyefariki, mambo ambayo mtu hawezi kuyasema akiwa ametazamwa usoni. Jioni mzee alikula ugali wake wote, akaomba mwingine. Tulikaa siku tatu.

Asubuhi ya kuondoka mkewe alinivuta kando. "Niachieni mume huyu aliyekuja na ninyi," aliniambia. "Yule niliyekuwa naye mimi, ondokeni naye."

Lakini Bwana Mbung'o alikuwa ameshatoka nje, blanketi begani na jembe mkononi. Kaka yake, mkubwa wa ukoo, alikuwa uani akishangaa. "Unakwenda wapi, na nyumba ni hii?"

"Bisibo. Mahindi ya Masanja yanataka palizi."

"Ukalime shamba la Msukuma?"

"Langu limelimwa na nani?" aliuliza mzee, bila ukali, akapanda gari.

Ikawa hivyo. Msimu huu Bugarama, msimu mwingine Bisibo, kisha Bukiriro, zamu kwa zamu, wakisafiri kwa mabasi mabovu na malori ya mizigo. Yule mtoro wa shamba la ujamaa alikuwa wa kwanza kufika, na mkewe, baada ya kununa mwaka mzima, akaanza kwenda naye, akajifunza kupika michembe ya Kisukuma, vile viazi vilivyokaushwa, na kuisema vibaya hadharani. Nilizoea kuwaona barabarani nikipita na gari la maji. Niliwapigia honi.

Nilimwona Bwana Mbung'o mara ya mwisho mimi nikiwa nimeshastaafu. Nilipanda basi kwenda Bisibo bila sababu, nikajidanganya kwamba nakwenda kutafuta mbegu. Nilimkuta kando ya nyumba ya Masanja, amekaa chini, anachagua vipando vya viazi, macho yamefifia kiasi kwamba alinijua kwa sauti. Paulo alikuwa kisimani. Masanja alikuwa ndani, anabishana na mtu juu ya kamba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Dereva. Umekuja kwa kazi au kwa salamu?"

"Salamu tu."

Aliendelea na vipando vyake kidogo, vidole vinapapasa macho ya kila kimoja.

"Siku hizi unakaa na nani?" akaniuliza.

"Na mama watoto. Na wajukuu wawili."

"Hao ni wa nyumbani. Nauliza wenzako."

Nilifungua mdomo. Nilitafuta jina, jina lolote, katika miaka yote ile ya barabara, nisilipate. Yeye hakunisaidia, wala hakunihurumia kwa maneno. Alingoja, kisha akaelekeza uso wake mlangoni.

"Masanja," aliita. "Kesho tuko wanne. Mtafutie Dereva jembe."

Ndani Masanja aliacha ubishi wake. Nilimsikia akivuta kitu kizito kutoka darini, huku analalamika kwamba mpini una ufa. Jioni hiyo nilimpata kijana aliyekuwa anakwenda mjini kwa baiskeli, nikamtuma kwa mke wangu amwambie nitachelewa kurudi.